Vyumba Vitatu, Panzi

Picha nne na maneno machache:
vyumba vitatu, Panzi, maji ndani, umeme,
dola themanini kwa mwezi, garanti miezi mitatu,
anayewahi ndiye mwenye ufunguo.

Nsimire alinipa simu nikiwa bado na saruji mikononi.
Mwenye nyumba wetu wa Kadutu ametupa hadi tarehe thelathini,
na mtu anayefukuzwa huona mlango kila mahali.
Themanini! Kwa bei hiyo hata chumba kimoja
utakiomba kwa magoti.
Nilijua. Nakiri kwamba nilijua,
na bado nikapiga.

Sauti laini, ya mtu aliyelala vizuri.
Alijiita Fidele. Aliniita "mzee wangu" mara tatu
kabla sijataja jina.
Yeye yuko Kinshasa kikazi, ufunguo uko kwa dada yake,
dada naye yuko msibani,
ila watu wanne wameulizia tangu asubuhi,
mmoja wa shirika, analipa bila kuhesabu.
Nitume nusu tu ya garanti kwa simu, anishikie.

Nikauliza: avenyu gani?
"Karibu na barabara kubwa."
Jirani ni nani?
"Watu watulivu."
Mvua ikinyesha, maji yanapita upande gani?
Hapo akanyamaza.
Bukavu mlima hushuka usiku bila kubisha hodi;
mwenye nyumba wa kweli
angenijibu hilo hata akiwa usingizini.

Usiku, umeme umekatika, nikazifungua tena picha,
nikaikuza ya tatu mpaka ikaanza kuvunjika.
Nsimire alitazama pazia: la manjano, lina maua.
Mimi nilitazama msingi.
Mweusi. Jiwe lenye matundu kama mkate uliochacha,
jiwe linalokula patasi na kuchana vidole.
Panzi ni udongo mwekundu,
unaokufuata na viatu hadi kitandani.
Hilo ni jiwe la Goma,
na hakuna anayelipakia kwenye boti.

Kisha kona ya kushoto, chini ya dirisha:
mawe mawili madogo, yamesimamishwa wima
pale ambapo moja kubwa lingetosha.
Kubwa liliniangukia mguuni, nikalitukana, nikaliacha.
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.
Nyumba ya Mama Kavira, muuza maharage, njia ya Buhene,
aliyenihesabia mawe kila jioni asije akaibiwa.

Nyumba hiyo haiko.
Volkano ilishuka Jumamosi usiku,
mawe yakaja kuchukua mawe yenzao.
Nilipofika wiki ya pili niliona moshi
na ncha ya bati, upana wa kiganja.
Sasa kuna mtu amekaa mahali, simu mkononi,
anapangisha kaburi.

Nikampigia. Sikumtukana.
Nalipa yote, nikamwambia, miezi sita, leo hii,
ukinitajia nani aliumia mguu kwenye kona ya kushoto.
Akakata.
Kesho yake picha zilezile, sasa ni Nguba,
dola sabini.

Wanaotafuta nyumba huniuliza siku hizi, kana kwamba mimi ni komisioneri.
Sina siri. Nenda kwa miguu. Gusa ukuta.
Uliza habari ya maji.
Pesa ifuate macho, isiyatangulie.
Na ukisikia moyo unasema haraka, haraka,
jua hiyo si sauti yako, umewekewa.

Picha ile sikuifuta.
Nilimtumia Mama Kavira, anayekaa sasa kwa mwanawe, Sake.
Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika.
"Pazia hilo," akasema, "nilikuwa nimelifua siku ileile."
Halafu: "Wanataka ngapi?"
Themanini, nikamjibu, lakini wameshusha.
Akacheka hadi akakohoa.
"Wameshusha! Nyumba yangu?
Mpigie huyo mwizi,
mwambie ni ndogo mno."